Mto Alioushona Bibi

Nyumbani kwao Yusta, kijijini Chanzuru, siku haikuanza kwa jogoo. Ilianza kwa Bibi Hildegarda. Jua likichomoza, bibi huyo alikuwa ameshafagia uwanja, amewasha moto na ameanza kuita watu kwa majina. Na katika nyumba ile, aliyeitwa aliitika. Mvulana alisema "Naam," msichana alisema "Abee," kisha alikwenda mbio kuamkia. Jambo hilo halikuwa na mjadala.

"Yusta!"

Bibi akaita tena.

"Wewe Yusta!"

Yusta, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa hatua kumi tu kutoka kwa bibi yake. Alikuwa akisugua sufuria huku akivuta kamasi. Aligutuka alipoona kivuli juu ya beseni.

"Shikamoo, Bibi."

"Nimekuita mara tatu," alisema Bibi. "Mara tatu! Mimi nimekuwa paka katika nyumba hii?"

Akageuka na kwenda zake bila kusema marahaba. Yusta alibaki ameshika sufuria, hajui alie au aendelee kusugua. Hakuwa amesikia hata mara moja.

Mambo haya yalianza wakati wa masika, mwezi wa Aprili, mvua zilipokuwa kubwa hata paa likavuja juu ya kitanda chake. Yusta alipata mafua. Mafua ya kawaida huja, hukaa siku chache, kisha huchoka na kuondoka. Haya yalipiga kambi. Kila asubuhi alipiga chafya saba, nane. Pua ziliziba, akawa analala mdomo wazi na kukoroma kama mzee. Halafu masikio nayo yakawa mazito, ikawa kana kwamba watu wote wanaongea kutoka chumba cha pili. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakuumwa popote. Angeumwa, angelia. Sasa alie kwa sababu gani?

Bibi alisema ni nta imejaa, akamtia matone ya mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Rafiki yake Joha akamshauri achokonoe kwa njiti ya kiberiti. Alipata michubuko tu, na masikio yakabaki vilevile.

Shuleni alipata ujanja wake. Mwalimu Beda akiuliza, "Yusta, umesikia?" yeye alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Alijibu ndiyo kwa kila jambo, akiamini kwamba neno ndiyo halijawahi kumponza mtu. Ijumaa moja mwalimu aliagiza jambo, akauliza kama wamesikia, na Yusta akaitikia pamoja na wenzake. Jumatatu darasa zima lilikuja na majembe. Yusta alikuja na daftari.

"Si ulisema umesikia?" aliuliza Mwalimu Beda, akiwa amesimama mbele yake.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hicho ni kiburi."

Darasa likacheka. Wakati wa mapumziko Joha alimvuta pembeni. "Kwani husikii?"

"Nasikia!" alijibu Yusta kwa hasira. Aliogopa kuitwa kiziwi. Heri aitwe mwenye kiburi.

Likizo ya Juni ilipofika, alikwenda Mikumi kwa shangazi yake Agnesi, anayewapikia chakula madereva wa malori kando ya barabara kuu. Aliondoka kwa haraka hata akasahau mto wake wa kulalia. Ulikuwa mto wa sufi alioshonewa na Bibi siku alipoanza darasa la kwanza, na foronya yake ilitariziwa maneno "Lala Salama" kwa uzi mwekundu.

Siku ya nne huko Mikumi, pua zilifunguka. Wiki ya tatu, alipokuwa akikata nyanya, alipiga mwayo na sikio likalia pwa! Ghafla dunia ikarudi. Alisikia mafuta ya maandazi yakichemka ndani ya karai, honi za malori, na sauti ya shangazi yake kutoka chumbani.

"Yusta!"

"Abee, Shangazi!"

Agnesi alitokea mlangoni akicheka. "Mbona unaitika vizuri? Mama aliniambia huku anakuja mtoto jeuri."

Yusta alirudi Chanzuru na furaha yake. Juma la kwanza aliitika kila alipoitwa, na Bibi alimjibu marahaba ndefu, tamu. Lakini haikupita wiki ya pili kabla chafya hazijaanza. Kufikia Agosti pua zilikuwa zimeziba na masikio yamefunga tena. Mama yake Yusta alisema ni hali ya hewa. Jirani mmoja alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Bibi Hildegarda hakunong'ona.

"Kwa Agnesi unaitika. Kwangu huitiki," alisema siku moja, akimtazama Yusta machoni. "Basi tatizo si masikio. Tatizo ni moyo."

Kuanzia siku hiyo Yusta aliposema shikamoo, Bibi alitikisa kichwa tu. Marahaba ilikwisha. Yusta aliumia sana. Alijiuliza hata kama ni kweli, labda moyo wake umemchoka Bibi bila yeye mwenyewe kujua. Lakini mbona alimpenda?

Likizo fupi ya Septemba alikwenda tena Mikumi. Safari hii Bibi mwenyewe aliutia mto kwenye mfuko. "Juni uliuacha," alisema. "Labda hata mto wangu unakuchosha." Yusta aliukumbatia njia nzima.

Siku ya nne ilifika, pua hazikufunguka. Siku ya sita chafya ziliongezeka. Shangazi Agnesi alisimama na mwiko mkononi, akamtazama.

"Mikumi ni ileile, shangazi ni yuleyule, sasa mbona huponi? Vaa viatu, twende kwa daktari."

Kwenye kituo cha afya walipokewa na daktari mmoja mpole aitwaye Paulina. Alizungumza na Agnesi kwanza, kisha akazunguka na kusimama nyuma ya Yusta. Baadaye akarudi mbele.

"Umesikia nilichokuuliza?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Yusta. Alimwona shangazi yake akimtazama kwa mshangao, akajua kwamba kweli ameulizwa kitu. Machozi yakamtoka.

"Hapana, Daktari. Sisikii vizuri tangu Aprili. Huwa nasema ndiyo tu."

"Nilikuuliza jina lako. Mara mbili," alisema daktari kwa upole, akamulika masikio yake kwa taa ndogo. "Huna usaha, wala ngoma ya sikio haijatoboka. Ila nyuma ya ngoma kuna majimaji. Sikiliza, Yusta. Kuna mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio. Pua ikiziba kwa muda mrefu, mrija huo nao huziba, na majimaji hukusanyika. Ndiyo maana huumwi, lakini sauti hazifiki sawasawa."

"Kwa hiyo si moyo?" aliuliza Yusta.

Daktari hakuelewa swali, lakini Agnesi alilielewa, akamshika mkono.

"Sasa tutafute kinachoziba pua," aliendelea daktari. "Juni ulipona hapahapa. Safari hii umekuja na kitu gani ambacho Juni hukuwa nacho?"

Yusta alihesabu kwa vidole. Gauni lilelile, viatu vilevile, daftari... Kidole kikasimama hewani.

"Mto," alisema kwa sauti ndogo.

Nyumba haikuwa mbali. Agnesi alikwenda kuuleta. Daktari alivua foronya, na harufu ya uvundo ikatoka. Kitambaa cha ndani kilikuwa na madoa meusi ya ukungu. Alipoupigapiga, vumbi likaruka, na Yusta akapiga chafya tano mfululizo hata mgonjwa aliyekuwa nje akacheka.

"Mto huu ulilowa?" aliuliza daktari.

"Wakati wa masika. Tuliuanika mchana mmoja tu, kisha nikaulalia."

"Basi ndiyo hiyo. Sufi ikilowa bila kukauka hadi ndani, huota ukungu, na pua zako zinaukataa." Alimwandikia dawa, akamweleza asafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na akae mbali na moshi wa jikoni. "Mafuta na njiti masikioni, marufuku. Na baada ya mwezi mmoja masikio yapimwe tena, maana mengine huchelewa kufunguka."

Njiani Yusta alisimama. "Shangazi, tuutupe. Tumwambie Bibi umepotea. Nikimwambia ukweli ataona kweli nimemchoka."

"Ndiyo zako za uongo zimekufikisha hapa," alijibu Agnesi. "Unataka kuongeza uongo mwingine?"

Kwa hiyo Yusta alirudi Chanzuru na mto ukiwa umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alipiga magoti mbele ya Bibi akasema yote: masikio, majembe, njiti, na maneno ya daktari. Bibi Hildegarda alifungua mfuko, akanusa, akakaa chini polepole.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuziba masikio," alisema. "Halafu nikakununia."

"Hukujua, Bibi."

"Sikujua kwa sababu sikuuliza. Na wewe hukusema." Alichukua wembe, akaanza kufumua mshono alioushona mwenyewe. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na majembe tu, mshukuru Mungu. Usiposikia, sema hujasikia. Si aibu. Na sisi wakubwa, kabla ya kumwita mtoto jeuri, tumuulize kwanza kama ni mzima."

Sufi ile waliifukia shambani. Foronya ilichemshwa, ikaanikwa juani siku mbili, ikavalishwa mto mpya wa sponji. Jumatatu Yusta alimweleza Mwalimu Beda ukweli, na mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Dawa alitumia kama alivyoelekezwa. Pua zilifunguka ndani ya wiki moja. Masikio yalichukua muda, na Bibi akawa anamsogelea na kumgusa bega kila alipotaka kumwambia jambo.

Asubuhi moja mwishoni mwa Oktoba, Yusta alikuwa uani akisugua sufuria. Bibi alikuwa mbali, ng'ambo ya shamba la mahindi, akipalilia. Alisahau kwamba alipaswa kumsogelea. Aliita mara moja tu, kwa mazoea.

"Yusta!"

Sufuria ikaanguka kwenye beseni.

"Abee, Bibi! Shikamoo!"

Bibi Hildegarda aliacha jembe. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, kisha akapaza sauti hata majirani wakatoka nje kutazama kuna nini.

"Marahaba, mjukuu wangu! Marahaba!"