Gunia la Ukutani

Kalekye alikuwa akitwanga mahindi ya kupika muthokoi mgeni alipopiga hodi. Alikuwa dada wa ofisi ya kilimo, mkononi ana bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea nafaka guniani.

"Naitwa Ndinda. Nataka mahindi kidogo yakapimwe."

Kalekye aliweka mchi chini. Mwaka huo wa 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu yalikuwa yameua watu Ukambani. Alijua. Lakini magunia matatu ya ghalani ndiyo yaliyokuwa chakula chao chote mpaka mvua nyingine. Yakiharibiwa, watakula nini?

"Kwa nini kwangu?" aliuliza. "Justus yuko na ghala kubwa kando ya barabara, na hujaenda. Nani ameniongelea?"

"Hakuna, mwaitu," Ndinda alimjibu kama binti kwa mama. "Kila boma liliwekewa karatasi, tukachanganya kwa ndoo, tukachomoa bila kuangalia. Tukipima mahindi ya walio barabarani peke yao, hatutajua ya huku bondeni."

Kura! Kalekye hakuamini hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Lazima jirani amesema kitu.

Hata hivyo, kwake mgeni hapewi kibaya. Aliingia ghalani, akafungua gunia lililoegemea ukuta. Gunia hilo alikuwa amemwekea bintiye Wanza, aliyejifungua juzi. Akachota juu, akapepeta kwa uteo, akachagua punje zinazong'aa. Heshima na ujanja vilikutana katika uteo mmoja.

Ndinda alitabasamu. "Asante, mwaitu. Lakini haya ni ya mgeni. Nataka yale mnakula."

"Mahindi si ni mahindi!"

"Ukipika isyo, mahindi na maharagwe, unaonja chumvi namna gani?"

"Nakoroga kwanza. Chumvi inaweza kukaa chini..." Kalekye akautazama uteo wake.

"Hata sumu inaweza kukaa kona moja ya gunia. Macho hayaioni. Kupika hakuiondoi."

"Akituharibia yote je?" Kalekye alimgeukia mumewe, Aloys, aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

"Tutalala njaa," Aloys alisema, "lakini tutaamka. Mwache achomeke bambo."

Ndinda akachomeka bambo katika kila gunia, juu, katikati, chini na pembeni. Mahindi ya kila gunia akayachanganya peke yake, kisha akatia kidogo katika mfuko mdogo wenye alama ya gunia hilo. Kalekye hakubandua macho, asije yule dada akaongeza kitu.

Wiki iliyofuata Ndinda alirudi. Magunia mawili yalikuwa salama. La ukutani lilikuwa na sumu.

"Si nilikupa ya gunia hilo? Yalikuwa yanang'aa!"

"Ulichukua ya juu, mwaitu. Ukuta umelowesha ya chini."

Kalekye aliketi. Alimfikiria Wanza na uji ambao angempikia kwa mahindi hayo. Gunia lile lilizikwa. Hata kuku hawakuonjeshwa. Mengine mawili Aloys aliyainua juu ya mbao, mbali na ukuta. Walikula kwa kubana mpaka mvua, lakini hakuna aliyeugua.

Msimu uliofuata kura ilimwangukia Justus. Kalekye alikuwa kwake Ndinda alipofika, akamwona Justus akitoka na uteo wa mahindi meupe, yaliyochaguliwa moja moja.

"Rudisha uteo jikoni, Justus," alisema. "Mwonyeshe magunia."