Kupima Santuri kwa Macho na Masikio

Asubuhi ile msusi alikuwa kibarazani na mteja. Alikuwa amefika katikati ya kazi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama kama zimeona nyoka. Kutoka chumba cha nyuma muziki ulikuwa ukipiga kwa nguvu. Mteja akaziba sikio moja.

"Baba mkwe wako ana sherehe leo?"

"Hana sherehe. Yuko kazini," msusi alijibu huku akicheka. "Anapima santuri."

Ilikuwa kweli. Zamani, kabla magoti hayajamgomea, Mzee alikuwa akikodisha muziki. Kwenye harusi, mahafali na sherehe za ofisi alifika na spika zake na masanduku ya santuri, zile sahani nyeusi zinazochezwa kwa sindano. Watu walimwita Mzee Spika, na jina likamganda. Sasa masanduku yalikuwa yamejaa chumbani mwake hadi chini ya kitanda. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kuuza.

"Sitaki zikae humu zikinitazama," alisema. "Ziende kwa watu watakaozicheza."

Basi walifungua duka dogo kwenye soko la mtandaoni. Kazi waligawana. Mzee alisikiliza kila santuri na kutoa neno lake. Msusi alipiga picha kwa simu na kuandika maelezo. Mume wake, fundi wa majokofu, alifunga vifurushi na kuvipeleka posta.

Soko lile lilimtaka kila muuzaji achague daraja la santuri yake. Madaraja yalikuwa yamepangwa hapo, unabonyeza tu. Msusi hakuona ugumu wowote. Mzee akisema, "Hii haina kelele hata chembe," alibonyeza "Mpya Kabisa." Mzee akisema, "Hii nzuri," alibonyeza "Nzuri." Mambo yakaenda.

Kisha ujumbe ukaanza kuingia.

"Mmesema mpya kabisa. Inachachatika kama bisi kwenye sufuria."

"Mlisema haina kelele. Mnatania?"

"Naomba kuirudisha. Tafadhali acheni kutia chumvi."

Msusi alisoma ujumbe ule mara ya kwanza, akausoma tena. Alimwita mume wake.

"Hawa wanazungumzia santuri zetu kweli, au wamekosea duka?"

Fundi alikuna kichwa. "Matapeli hao. Mtu anataka kitu na anataka kurudishiwa hela. Baba amesikiliza, au hakusikiliza?"

"Amesikiliza. Mpaka mtaa mzima umesikiliza."

"Basi!"

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililowachanganya zaidi. Santuri moja ilikuwa safi kama iliyotoka kiwandani jana. Mzee aliipenda mno, kwa hiyo aliitaja kwa upole: "Hii nzuri, mwanangu." Msusi akaandika "Nzuri." Hakuna aliyeitaka. Hakuna hata aliyeuliza. Zile mbovu watu walikuwa wakizinunua na kulalamika, na ile bora walikuwa wakiipita kama jiwe la njiani.

"Mimi sielewi tena," msusi alisema. "Tukisifu, tunatukanwa. Tukijishusha, tunanyamaziwa."

Mwisho soko lenyewe likaandika. Malalamiko yamezidi. Yakiendelea, duka litafungwa.

Mzee alipoambiwa, alikaa kitandani, akashika tama. Chakula cha mchana alikigusa tu.

"Maisha yangu yote nimekodisha muziki," alisema. "Nimeitwa mchelewaji. Nimeitwa mkali. Mwongo, sijawahi kuitwa. Leo naitwa mwongo na watu nisiowajua, tena kwa maandishi."

Msusi alimmiminia maji.

Ng'ambo ya barabara aliishi mwanamke mmoja aliyetunza maktaba ya muziki kwenye kituo cha redio. Majirani walimwita Dada Redio. Alipokuja kusukwa, msusi alimweleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, huku akivuta nywele kwa hasira.

"Taratibu, mwenzangu, kichwa hicho ndicho pekee nilicho nacho," Dada Redio alisema. "Kwenye simu yako umebonyeza daraja gani?"

"'Mpya Kabisa.' Na ile bora kuliko zote, 'Nzuri.'"

Dada Redio aligeuka ghafla, msuko ukamponyoka msusi mkononi. "Umeiandika 'Nzuri' santuri bora? Maskini! Umeitangaza kuwa mbovu."

"Nimesema nzuri!"

"Ndiyo. Nikimaliza hapa nitakuja ndani."

Alasiri alifika na taa ya mezani, kitambaa laini na santuri yake mwenyewe. Alimsalimu Mzee, "Shikamoo baba," naye akaitikia baada ya kuambiwa mara ya pili. Wote wanne wakakaa sebuleni mbele ya mashine ya santuri, iliyotolewa chumbani kwa Mzee.

"Tuanze na maneno," Dada Redio alisema. "Katika biashara hii madaraja yana lugha yake. 'Mpya Kabisa' ni santuri ambayo haijawahi kuguswa na sindano. Ya mkono wa pili usiiandike hivyo, hata ikimeta. Inayofuata ni 'Karibu na Mpya.' Imechezwa, lakini huoni alama na husikii kelele. Halafu 'Nzuri Sana na Zaidi.' Hiyo ina alama ndogo unazoziona, lakini hazisikiki."

"Halafu?" msusi aliuliza. Alikuwa ameshika simu tayari.

"'Nzuri Sana.' Kelele inasikika pale muziki unapotulia, lakini haiufuniki. Chini yake ndiyo 'Nzuri.' Hiyo inachachatika mwanzo hadi mwisho. Sifa yake ni moja tu, kwamba hairuki. Ikiruka, ni 'Mbovu.'"

Fundi aliinua kiganja.

"Ngoja," fundi alisema. "Nzuri ni jirani wa mbovu?"

"Wamepakana ukuta."

"Na nzuri sana ina kelele?"

"Ina kelele."

"Nani alipanga lugha hii? Alikuwa amelewa?"

Hata Mzee alitabasamu. Dada Redio alicheka, kisha akawasha taa. Alitoa santuri moja ya Mzee kwenye jalada lake akiishika kwa ukingo, bila kugusa uso wake. Akaizungusha polepole chini ya mwanga.

"Macho kwanza. Tazameni mkwaruzo huu. Mrefu, unatisha. Sasa pitisha kucha juu yake, kwa wepesi kabisa."

Msusi alipitisha. "Kucha haikwami."

"Basi huenda hata usiusikie. Lakini hii nyingine, ione inavyong'aa. Inue kidogo. Unaona ukungu wa kijivu kwenye mifereji?"

"Naona. Ni vumbi?"

"Vumbi linafutika. Hii imeliwa na sindano butu. Kwa mbali inapendeza, lakini sauti imekwaruzika."

"Kwa hiyo inayotisha inaimba, na inayopendeza inakoroma," fundi alisema. Alizidi kuchanganyikiwa.

"Ndiyo maana macho hayatoshi. Lazima masikio nayo."

Alifuta ile santuri inayong'aa kwa kitambaa kikavu, akifuata mzunguko wa mifereji. Kisha akaweka sindano. Kabla ya muziki, ikaanza: cha, cha, chachacha, cha.

"Mmesikia?" aliuliza.

"Nini?" msusi alisema. "Hiyo? Si ndivyo santuri zinavyolia? Mimi nimeolewa humu nikaikuta sauti hiyo."

"La, dada yangu. Sikiliza hii." Dada Redio aliweka ile aliyokuja nayo. Sindano ikashuka. Kukawa kimya, kimya cha kweli. Kisha ghafla gitaa likaingia, kama mpigaji amekaa kwenye kochi lao.

Msusi alibaki mdomo wazi. Fundi aliinama mpaka karibu aguse spika. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ndivyo inavyopaswa kuwa!"

Mzee aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mnashangaa?" aliuliza. "Zote mbili ni sawasawa."

"Baba, si sawa," fundi alisema. "Ya kwanza inachachatika."

"Haichachatiki."

"Baba, usishindane. Tumesikia sote."

"Nami nimesikia! Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa!" Mzee aligonga mkono wa kiti. "Na wewe sasa unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

Fundi alitaka kujibu. Msusi alimshika mkono. Dada Redio alizima mashine. Alisogeza kiti chake mbele ya Mzee, akasema kwa sauti ya kawaida, akimtazama usoni.

"Baba, kabla wimbo haujaanza, ulisikia nini?"

"Kimya. Kimya kizuri."

"Na ndege yule dirishani, unamsikia?"

Ndege mdogo alikuwa kwenye nondo za dirisha. Alikuwa akipiga mluzi tangu walipokaa. Mzee aligeuka, akamwona, akaona mdomo wake ukifunguka na kufungika.

"Analia?" aliuliza.

Msusi alitikisa kichwa kukubali. Fundi aliinamisha kichwa. Aliona haya kwa kugombana na mtu ambaye hakuwa akibisha. Mzee alikuwa akisema kile hasa alichokisikia.

"Masikio yakichoka, watu wengi huanza kwa kupoteza sauti nyembamba," Dada Redio alisema. "Ndege, kengele ndogo, kelele za santuri. Sauti nzito zinabaki, ndiyo maana ngoma unaisikia vizuri. Umekaa miaka mingi kando ya spika kubwa, baba. Hukudanganya mtu."

Mzee aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Sasa mimi ni wa nini hapa?"

"Wa kwenda hospitali kwanza," msusi alijibu. "Mengine tutayapanga, baba."

Wakaenda kliniki ya masikio. Mpimaji alimfungia Mzee kwenye chumba kidogo, akamvisha vipokea sauti vya masikioni na kumwomba ainue mkono kila akisikia mlio. Kuna wakati mkono ulikaa chini mpaka msusi, aliyekuwa akitazama kupitia kioo, akatamani kuuinua yeye. Walimwandikia kifaa cha kusaidia kusikia, na wakamwonya asicheze muziki kwa sauti ya kupasua ukuta.

Siku alipokizoea, Mzee alinunua sindano mpya na kuomba taa ya mezani. Alichukua ile santuri aliyoiapia kuwa haina kelele hata chembe. Akaiweka. Cha, cha, chachacha.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Mwanangu, njoo!" alimwita msusi. "Watu walinivumilia haya kwenye harusi zao?"

"Walikuwa wakicheza, baba. Nani angesikia?"

Siku hiyo walianza upya. Mzee alizitazama santuri kwa taa, maana macho yake yalikuwa bado makali na mikono yake haikuwahi kuangusha santuri. Msusi alisikiliza, hasa mwanzo, pale kabla ya muziki, na mahali penye utulivu. Wakitofautiana, waliandika daraja la chini. Jalada walilipa daraja lake peke yake, maana santuri safi yaweza kukaa kwenye jalada lililopasuka. Kila kasoro waliitaja kwa maneno ya kawaida, ili hata asiyejua madaraja aelewe. Wale waliolalamika, fundi aliwaandikia kuomba radhi, akawarudishia hela zao, bila kumtaja baba yake. Duka halikufungwa.

Ile santuri bora waliipandisha hadi "Karibu na Mpya." Ikaondoka mara moja, na Mzee akaisindikiza mpaka mlangoni.

Lakini aliyoingoja kwa hofu ilikuwa nyingine, ile iliyochachatika. Aliisema mwenyewe, neno kwa neno, msusi akiandika: "Nzuri. Inachachatika pande zote mbili. Wimbo wa mwisho una kelele zaidi. Hairuki. Jalada limechanika pembeni."

"Nani atanunua kitu kilichosemwa hivyo?" fundi aliuliza.

Mnunuzi alikuwepo. Baada ya muda ujumbe wake ukaingia, na Mzee akaomba simu ausome kwa sauti mbele ya wote.

"Imefika. Inachachatika pande zote mbili, na wimbo wa mwisho ndio una kelele zaidi. Ni vilevile mlivyosema. Mna nyingine?"

Mzee aliweka simu chini, akavuta sanduku jingine, akawasha taa.