Kitambaa cha Njano

Jumatatu ni siku ya vinyozi kupumzika, na kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na kawaida ya kuipitisha bandani, nyuma ya nyumba yake, na pikipiki ya kizee. Haya yaliyomkuta huko ameyasimulia binti yake, na binti huyo si mtu wa kutia chumvi. Kazi yake ni kupima dawa kwenye duka la dawa, na maneno yake pia huyapima.

Pikipiki yenyewe ilinunuliwa chakavu, kinyozi akiwa bado kapera. Mkewe alipoolewa aliikuta imekaa uani kama mwenye nyumba, akaanza kuiita mke mwenzangu. Asubuhi alikuwa akiuliza, "Mke mwenzangu leo kaoga?" na kinyozi alicheka kila mara, ingawa utani ulikuwa uleule. Basi wakaifanya kazi yao ya pamoja. Chuma kimoja, mikono minne, yeye upande huu, mkewe upande ule: tangi, madigadi, ekzosi, usukani, mpaka spoku mojamoja.

Waliligombania jambo moja tu. Kinyozi alisugua mbele na nyuma, kwa mistari iliyonyooka, kama anavyonoa wembe kwenye mkanda. Mkewe alizungusha. Viduara vidogo vidogo, na kila alipokaribia kumaliza alikipulizia chuma pumzi, "haa," ukungu ukatanda, ndipo akafuta kwa kitambaa cha njano alichokichana kwenye gauni lake la zamani. Miaka nenda miaka rudi walibishana nani anaharibu kazi ya mwenzake. Kinyozi alimwonya kwamba atakuja kuimaliza kromu yote, maana kromu ni ngozi nyembamba tu juu ya shaba.

Ilibaki taa ya mbele. Bakuli lake la kromu lilikuwa limejaa kutu ya nukta nukta, na skrubu inayoshika kioo ilikuwa imegandana na ukingo. Walikubaliana wasiilazimishe, kwa sababu kioo cha namna ile hakipatikani tena. Wangeng'arisha nje na kuachana na ndani. Ndani ya taa ile hapakuwahi kuingia mkono wa mtu tangu pikipiki ifike pale.

Kabla hawajaianza, mkewe alianguka jikoni asubuhi moja, moyo ukasimama palepale. Kinyozi alikuwa kazini, wembe uko shingoni mwa mteja. Alipofika nyumbani uso ulishafunikwa, na watu wazima wa ukoo wakamshika mikono wakimwambia asijitese. Akawasikiliza. Hakuuona.

Hilo ndilo lililomla. Picha zilikuwepo, lakini zilikuwa za harusi, za msichana mwembamba aliyeogopa kamera. Uso aliokuwa akiutaka ni ule wa juzi, wenye mikunjo kando ya macho, na kila alipoutafuta kichwani aliukuta umepungukiwa na kitu. Siku moja nyusi. Siku nyingine kidevu. Aliogopa kwamba ataamka asubuhi asiukute kabisa.

Basi Jumatatu moja baada ya msiba akaliondoa turubai lililofunika pikipiki. Alikitafuta kitambaa cha njano kila kona ya banda, hakukiona, akachukua fulana yake kuukuu. Alilainisha kutu kwa mafuta ya taa, akafuata na dawa ya kung'arishia, ile inayonuka mpaka macho yanalia. Mchana ulikuwa mweupe na mlango uko wazi. Kutu ikatoka, na kwenye mgongo wa bakuli banda zima likaonekana, dogo, limepinda: mlango, dirisha, kipara chake mwenyewe. Na nyuma ya kipara, kwenye benchi, mtu.

Aligeuka. Benchini palikuwa na makopo ya rangi tu.

Akatazama tena chuma. Mtu yupo. Ameinama. Kichwani ana kilemba anachokijua. Mkono wa kulia unazunguka. Viduara vidogo.

Hakukimbia. Alimwambia binti yake baadaye, bila kujisifu, kwamba miguu ilitaka kwenda ila yeye hakutaka.

"Bibie," alinong'ona. Ndivyo alivyokuwa akimwita. "Inua uso kidogo."

Hakuinua.

Tangu siku hiyo kinyozi hakuwa mtu wa Jumatatu tena. Kila siku alifunga duka mapema aende bandani, na mwalimu mmoja alitolewa nje akiwa na ndevu upande mmoja, akalazimika kurudi kesho yake kumaliziwa upande wa pili. Tulicheka mtaani. Hatukujua. Kila aliposugua, yule mtu alizidi kuonekana. Kwanza kilemba, halafu sikio na hereni yake, halafu ukingo wa shavu. Kesho, alijiambia. Kesho nitauona wote. Na kila aliposugua, kromu ilizidi kwisha. Hilo alilijua kuliko yeyote.

Binti alikuja Jumapili alasiri, akamkuta amekaa kwenye kigoda, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Aliinama kutazama taa. "Baba, hii imeanza kuwa nyekundu."

"Naiona."

"Sasa mbona unaendelea?"

Alisimama, akamkalisha binti pale alipokuwa amekaa yeye. "Tazama tu. Usigeuke nyuma."

Binti alitazama. Akaweka mkono mdomoni.

"Anafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anang'arisha. Si unamjua mama yako."

"Anang'arisha nini, baba?"

Kinyozi hakuwahi kujiuliza. Mbele ya yule mtu hapakuwa na chuma chochote. Mkono wake ulizunguka mahali patupu. Ulikuwa umewaelekea wao.

"Acha, baba," binti alisema. "Nakuomba. Ikiisha hii huna kitu tena. Afadhali umwone ameinama kuliko usimwone kabisa."

Kinyozi akalia. Alilia mbele ya mwanawe bila kujifuta, na binti akalia naye, wote wawili wakiwa wameligeuzia benchi mgongo. Kisha akamkabidhi kopo la dawa na ile fulana, akamwambia aondoke navyo, akaahidi hatasugua tena.

Ahadi aliitimiza. Alikaa mbele ya taa, mikono juu ya magoti, akamtazama mkewe ameinama. Akajifunza kutosheka. Lakini doa jekundu halikusimama. Alidhani ni macho yake ya uzee, akachukua penseli, akalizungushia mstari. Kesho yake doa lilikuwa nje ya mstari.

Hakuwa amegusa. Banda lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Akasikiliza.

Kitambaa juu ya chuma. Polepole. Sauti ile alilala nayo na kuamka nayo nusu ya maisha yake. Haikutoka benchini. Aliinama, akaweka sikio kwenye bakuli la taa.

Ilikuwa ndani.

Alitoka, akazunguka uani, akanywa maji, akarudi. Sauti bado. Katikati ya doa palikuwa pameingia tundu, dogo mno, hata punje ya mchele isingepita. Akasogeza jicho.

Giza.

Kisha kitu cha njano kikapita.

"Bibie?"

Kusugua kukakoma. Banda zima likawa kimya. Na kutoka kwenye lile tundu, juu ya jicho lake lililo wazi, ikaja pumzi. Ya joto.

Haa.

Angengoja. Mpaka leo anasema hivyo, na hasemi lingine ila hilo: ningengoja. Lakini nani angengoja? Alirukia bisibisi. Ile skrubu iliyowashinda wote wawili kwa miaka yote ilizunguka mara moja, laini, kana kwamba ilitiwa mafuta jana. Akang'oa kioo.

Hapakuwa na mtu.

Ndani ya bakuli, mahali ambapo hapakuwahi kutiwa kromu wala kuguswa, palikuwa pakimeremeta kuliko nje. Viduara. Viduara juu ya viduara, vidogo vidogo, kuanzia ukingoni mpaka chini kabisa. Chini kilikuwepo kile kitambaa cha njano, kimekuwa cheusi kwa uchafu wa chuma. Na kuzunguka tundu palikuwa na ukungu wa pumzi, bado mbichi, ukianza kupungua kutoka pembeni.

Alinyoosha kidole, akakirudisha. Akiugusa ataufuta. Akaliita tena na tena jina la mkewe, akiuangalia ukungu unavyonywea, ukawa kama sarafu, ukawa kama kifungo cha shati, ukaishia kwenye tundu. Kilichobaki pale ni uso wake mwenyewe, mdogo, umepinduka kichwa chini. Alipotazama upande wa nje, nyuma ya kipara chake lilikuwepo benchi na makopo ya rangi. Basi.

Binti alipofika alimkuta ameliweka bakuli mapajani.

"Alikuwa ananitafuta," kinyozi alimwambia. "Mimi huku nasugua nimwone, yeye kule anasugua anione. Tulibakiza kidogo, mwanangu. Kidogo tu. Mimi nikaenda kufungua mlango mwingine."

Binti akakaa naye chini sakafuni mpaka akatulia. Kisha kinyozi akanyanyuka, akachana shati lake jeupe, akakata kipande cha saizi ya kiganja, akakikunja vizuri, akakilaza ndani ya bakuli. Akarudisha kioo. Skrubu hakuikaza.

"Cha nini hicho, baba?"

"Kile cha kwanza kimechakaa."

Pikipiki haijawahi kupanda barabarani tena. Kila Jumatatu kinyozi hufungua taa, na kila Jumatatu hukikuta kitambaa cheupe kama alivyokikunja, hakina hata alama. Hukikung'uta, hukikunja upya, hukirudisha. Mkono ule hauingii tena.

Kile cha njano alikichukua binti kwenda kukifua. Alikifua, akakianika kwenye kamba kiangazi kizima, jua linawaka mpaka ndoo zinapasuka. Ametukaribisha tukaguse, sisi majirani, na tumegusa. Hakijakauka. Na ukikiweka shavuni, kina joto.