Kalamu ya Upepo

Kila alasiri, Yunisi akishatoka shule na kutua ndoo yake ya maji, ilimngoja kazi ambayo hakuna msichana mwingine wa Manyoni aliyekuwa nayo. Aliingia chumba cha pembeni cha nyumba yao, akachutama kando ya tairi kuukuu la lori, akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka mikono ikamuuma. Kutoka kwenye tairi hilo ulitokea mpira mwembamba, na mwishoni mwa mpira kulikuwa na kifaa kidogo cha chuma, chenye umbo la kalamu na kikombe cha rangi mgongoni. Baba yake, Zefania, alikiita kalamu ya upepo.

Ilikuwa miaka ya Waingereza, baada ya ile vita kuu ya pili. Zefania alikuwa askari, na huko jeshini alijifunza kupulizia malori rangi kwa upepo. Aliporudi alipata kazi ya kupaka rangi kwenye stesheni ya reli. Lakini kalamu ile, aliyopewa na fundi mmoja wa mabango wa Dodoma, haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya moyo wake. Akitoka kazini alichora masanduku ya bati, tena si kwa kutafuta faida, bali kwa sababu hakuweza kukaa bila kuchora.

Siku hizo alikuwa akichora sanduku la Dina, dada yake mdogo, aliyekaribia kuolewa. Juu yake aliweka heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi wanaotua kwenye maziwa ya Singida. Yunisi alikuwa hachoki kutazama. Baba alibonyeza kidole, kalamu ikasema *fyuuu*, na rangi ikatoka bila kugusa kitu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Palipokuwa na bati tupu pakatokea bawa. Chini ya bawa pakatokea maji, na ndani ya maji kivuli cha ndege.

"Baba," Yunisi alinong'ona, "huyu ataruka."

Zefania akacheka, kisha akakohoa sana, akashika kifua.

"Ni vumbi tu," alisema.

Vumbi la Manyoni hakika halikuwa la mchezo. Upepo wa kiangazi ulilibeba mchana kutwa, na punje moja tu ikiangukia rangi mbichi iliacha kipele kwenye bati. Kwa hiyo Zefania alikuwa ameziba dirisha kwa magunia na mlango kwa blanketi. Mwanga uliingia kupitia tundu moja la msumari kwenye paa, ukashuka chini kama fimbo nyembamba. Ndani ya fimbo hiyo vipunje vya waridi vilielea, vikizunguka taratibu. Yunisi aliona ni uzuri mtupu. Hakujiuliza vinakwenda wapi.

Jumamosi moja Zefania alikwenda kazini, na Damari, mama yake Yunisi, akaenda shambani. Yunisi aliachwa na mdogo wake Simeoni, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza. Mtoto akasinzia katika chumba cha kulala. Yunisi akachungulia kule pembeni. Bawa moja la heroe wa mwisho lilikuwa halijakamilika.

Baba alikuwa amemkataza kabisa kugusa kalamu akiwa peke yake. Lakini macho hayana pazia, na moyo wake nao ulishazama. Akajaza tairi, akamimina rangi na tina, yale mafuta makali ya kuyeyushia rangi. Akabonyeza. *Fyuuu!* Mstari wa waridi ukatokea mbele ya mkono wake mwenyewe. Alishangaa, akasahau yote mengine. Kichwa kilianza kuwa chepesi, naye akadhani ni furaha.

Ndipo akasikia kikohozi. Akageuka. Ukuta kati ya vyumba viwili haukufika kwenye paa, na pale juu, ukungu wa rangi ulikuwa ukivuka polepole kuelekea upande wa pili, kama moshi unaojua njia yake.

Yunisi alitupa kalamu, akakimbia. Simeoni alikuwa ameketi kitandani, mdomo wazi, kifua kikipiga filimbi. Matundu ya pua yake yalikuwa na rangi ya waridi. Akambeba hadi nje, akipiga yowe. Jirani yao, Mama Klara, alitupa mwiko, akamchukua mtoto mgongoni, na wote wakakimbilia zahanati.

Mganga wa zahanati, Bwana Damiani, alimkalisha Simeoni barazani penye upepo, akasikiliza kifua chake.

"Shikamoo," Yunisi alisema, huku akihema.

"Marahaba. Ameanza lini?"

"Ni homa ya mapafu, Bwana Damiani," Mama Klara akajibu kabla yake. "Vumbi la mwaka huu linamaliza watoto."

Bwana Damiani akaelekea kabatini kuandaa sindano. Yunisi alitazama chini. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini kifua cha Simeoni kilipiga filimbi tena, na sauti ile ikamzidi nguvu.

"Si homa," alisema. "Ni rangi. Nimepulizia rangi ndani, na dirisha limezibwa. Baba alinikataza."

Bwana Damiani akarudi. Hakumgombeza. Alichukua kipande cha pamba, akafuta ndani ya pua ya mtoto. Pamba ikatoka ya waridi. Akachukua nyingine, akampa Yunisi.

"Futa yako."

Nayo ikatoka ya waridi. Yunisi aliikodolea macho. Rangi ile ile aliyoishangilia kwenye bawa la ndege ilikuwa ndani yake, mahali asipoweza kufikisha kidole wala maji ya kuoshea.

"Umefanya vema kusema," Bwana Damiani alisema. "Ningemtibu ugonjwa asiokuwa nao, kisha ningemrudisha kwenye chumba kile kile."

Wakamweka mtoto pale barazani, wakimwangalia. Taratibu filimbi ikapungua, na jua lilipoanza kushuka Simeoni aliomba uji.

Zefania alifika mbio, na nguo za kazi mwilini. Yunisi akapiga magoti, akamweleza yote. Hasira ilipanda usoni mwa baba yake. Lakini alipofungua kinywa, kikohozi kilimshika, akatoa leso. Leso ilikuwa na madoa ya waridi. Akaikunja polepole.

"Umenikosea kwa kuvunja neno langu," alisema hatimaye. "Lakini aliyeziba dirisha ni mimi."

Kalamu ikafungiwa sandukuni. Jioni zikawa ndefu na kimya, na heroe wa mwisho akabaki na bawa nusu.

Aliyeikomboa kalamu alikuwa Damari. Siku moja alikuwa akipepeta mtama uani, akiumwaga kutoka juu, na upepo ukayachukua makapi.

"Baba Yunisi," aliita, "umewahi kuniona nimesimama kule makapi yanakoelekea?"

Zefania alimtazama, kisha akatazama makapi. Kesho yake akaanza kujenga kibanda nyuma ya nyumba, mbali na jiko, kwa sababu tina hudaka moto kwa urahisi. Upande wa mashariki, upepo unakotoka, aliacha dirisha na kulitundikia gunia lililolowanishwa na kukamuliwa, ili lizuie vumbi. Upande wa magharibi aliacha dirisha la kutokea. Mchoraji angesimama katikati, mgongo kwa upepo, uso kwa sanduku.

Ikabaki kuchagua chujio la dirisha la kutokea. Kwanza waliweka khanga iliyokunjwa mara nyingi. Hewa ikashindwa kupita, ukungu ukawarudia usoni. Wakaweka gunia jepesi. Hewa ikapita vizuri mno. Kuku mweupe wa Mama Klara, aliyekuwa akiparua nje, akawa wa waridi ubavu mzima.

"Zefania!" Mama Klara alipaza sauti. "Na huyu naye anaolewa?"

Walipomaliza kucheka, Yunisi akasema, "Baba, tuweke vitu viwili. Cha kwanza kikamate matone makubwa, cha pili kikamate madogo."

Wakachambua katani, wakaitandaza kwa unene wa kiganja, na nyuma yake wakaweka kitambaa chepesi cha pamba. Ukungu uliingia ndani ya katani ukapotea. Nje ilitoka hewa isiyo na rangi. Yunisi alikwenda kusimama kando ya dirisha, akatandaza karatasi nyeupe, na karatasi ikabaki nyeupe. Alihisi nywele zikimsimama.

Bwana Damiani alikuja kuona, akanusa. "Katani inakamata rangi, lakini harufu ya tina inapita," alionya. "Hiyo huondolewa na upepo peke yake. Upepo usipokuwepo, msichore. Nanyi mfunge vitambaa puani." Zefania akatundika unyoya dirishani, ukicheza, ni kazi; ukitulia, ni mapumziko.

Siku moja kabla ya Dina kuja kuchukua sanduku lake, upepo ulikufa. Unyoya ulining'inia kama uzi. Bawa lilikuwa bado, kwa kuwa siku zote hizo Zefania alikijaribu kibanda kwa masanduku mengine. Zefania alisubiri asubuhi nzima, kisha akaichukua kalamu.

"Kidogo tu, mwanangu. Piga pampu."

Yunisi alishika pampu. Hakuwahi kumkatalia baba yake neno.

"Baba, naomba unisamehe," alisema. "Leo sitapiga."

Zefania alimtazama binti yake, akautazama unyoya, akaiweka kalamu chini.

Dina alifika akakuta sanduku halijakamilika, akalala kwao akisubiri. Asubuhi upepo wa mashariki ukaamka na vumbi lake lote, gunia likalizuia dirishani, unyoya ukacheza, na bawa la mwisho likafunguka juu ya maji. Dina aliliona akafunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka.

Kisha Zefania akaifungua ile katani ya dirishani. Ilikuwa imegeuka ukoko wa waridi na buluu, mgumu kama gamba la mti. Wote wakainama kuitazama, hata Mama Klara.

"Haya yote," Zefania alisema polepole, "zamani yalikuwa yakiingia hapa." Akagusa kifua chake. Kisha akaweka mkono begani kwa Yunisi. "Kazi nzuri haimdai mtu pumzi yake. Ikikudai pumzi, simama kwanza, ibadilishe. Na mtu akikuambia ukweli, hata awe mtoto wako, msikilize. Juzi mwanangu alinilinda mimi."

Yunisi akaenda kuchambua katani mpya.