Nafasi Hamsini na Saba

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili ilipita juu ya kofia yake ngumu.

Yasinta Mughwai hakupunguza mwendo.

Mbele yake, Haisi nyeupe yenye nembo ya shule ilikuwa ikitimua vumbi kwa njia ya panya kutoka Mungaa kwenda Singida mjini. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mzungu mwenye fulana nyeusi alikuwa amepiga goti ndani, bastola mkononi.

"Kipanga, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya mkuu wake, Alphonce, kwenye kidude cha sikioni.

"Nakusikia, mkuu."

"Droni inawaona. Sasa ni saa saba na dakika kumi. Mfumo wa udahili unafungwa saa nane kamili. Mtambo wao usipigwe risasi. Na hao watu nawataka hai."

"Mtambo nimekuelewa."

"Na watu?"

Yasinta alikata mawasiliano.

Aliitoa Honda XL barabarani, akaikatisha kwenye shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Mashina makavu yalimchapa miguuni. Alitokea kwenye kona baina ya mawe mawili makubwa, akashuka, akaegemea jiwe na kuishika Glock 19 kwa mikono yote miwili.

Haisi ilijitokeza.

Risasi moja. Tairi la mbele.

Gari liliyumba, likasugua ubavu jiweni, likatulia. Dereva alichomoka mbio akiwa peku. Yasinta hakumjali. Mzungu alipotaka kuokota bastola yake, kiatu kilikuwa kimekwisha kumkanyaga mkono.

"Krantz," alisema Yasinta. "Nimekutafuta miezi miwili."

Miezi hiyo miwili hakuwa msituni wala mpakani. Alikuwa ofisini, akilinganisha orodha.

Shule mbili za binafsi pale Singida zilikuwa zikigombea wazazi kwa muda mrefu: Mawe Meupe na Uhodari. Mzazi aliuliza jambo moja tu, wangapi wameingia chuo kikuu. Mwaka uliopita matokeo ya kidato cha sita yalikuwa karibu sawa. Lakini Mawe Meupe iliingiza vyuoni wanafunzi themanini na wanane kati ya tisini. Uhodari, kati ya tisini, arobaini na sita.

Wale wengine arobaini na wanne, mfumo ulisema wamejiondoa wenyewe.

Wote walijiondoa ndani ya dakika kumi tangu watumiwe namba ya siri ya kuthibitisha nafasi. Na kila mara Haisi ya Mawe Meupe ilikuwa imeegeshwa jirani, ndani yake mkiwa na mtambo mdogo kama sanduku la nguo, unaonasa ujumbe wa simu hewani; kwa namba hizo waliwaondoa wenzao. Krantz ndiye aliyeuleta nchini kimagendo. Kampuni yake ilitaka kufungua shule za jina hilo katika nchi tatu, na ilihitaji rekodi isiyo na mshindani.

Mmoja wa wale arobaini na wanne alikuwa Elisha Mughwai.

Mdogo wake. Divisheni wani ya pointi tatu, amechaguliwa kusomea udaktari.

"Dada, mimi nijitoe kwa nini?" alimuuliza siku ile.

Naye Yasinta, jasusi mzima, alimjibu, "Umebonyeza bila kusoma. Uzembe wako mwenyewe."

Elisha alikwenda kuchimba dhahabu Iramba. Mwezi wa nne shimo likamfunika.

Sasa kompyuta ya Krantz ilikuwa wazi sakafuni mwa gari. Majina hamsini na saba ya Uhodari. Namba zao za siri zilikwisha kunaswa, na juu yake saa ikihesabu kurudi nyuma hadi kuwaondoa wote.

"Zima," alisema Yasinta.

"Mimi siwezi. Kidole cha Mazengo tu, mwenye shule. Ukilazimisha, yote yanaondoka sasa hivi."

Alimfunga pingu za plastiki kwenye chuma cha kiti. Wenzake walikuwa dakika tatu nyuma na Landkruza. Yeye hakungoja. Kompyuta mgongoni, kilomita kumi na mbili mpaka Utemini, na ile XL ilipiga kelele njia nzima.

Mawe Meupe ilikuwa na siku ya wazazi. Mahema, viti vya plastiki, spika kubwa. Nyuma ya jukwaa lilisimama bango: 88 KATI YA 90. Mwenye shule, Mazengo, mzee mnene aliyevaa suti ya kijivu, alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Wazazi, linganisheni wenyewe," alikuwa akisema. "Sisi hatuna la kuongeza."

Yasinta alipanda jukwaani kwa hatua za kawaida, koti amelikunja juu ya mkono wa kulia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Mazengo aliitikia kwa mazoea. Kisha akaona mdomo wa bastola chini ya koti.

Yasinta alikigeuza kipaza sauti pembeni, akaweka kompyuta mbele yake.

"Krantz tunaye. Zimebaki dakika tano. Weka kidole."

"Sikuelewi, binti yangu."

"Elisha Mughwai. Unamkumbuka?"

Mazengo alimtazama usoni, akafikiri kidogo. "Walikuwa wengi," alisema.

Kidole cha Yasinta kilikaza. Alikwisha kuchagua mahali, kifungo cha pili cha suti. Kila usiku alilala akiiwaza nafasi kama hii.

"Nikikupiga hapa, hawa watu watakulilia," alimwambia taratibu. "Mimi sitaki mtu akulilie. Weka kidole."

Mazengo aliitazama tena bastola. Aliweka kidole.

Skrini ikaandika: IMESITISHWA. Saa saba na dakika hamsini na sita.

Nafasi hamsini na saba zilibaki kwa wenyewe.

Yasinta alikirudisha kipaza sauti mdomoni mwa Mazengo, akafungua orodha nyingine. "Sasa soma. Ya mwaka jana, majina yote. Uwaambie uliwafanyaje."

Mazengo alisoma. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote.

Jina la kumi na mbili lilipotajwa, mama mmoja wa kitenge cha njano alisimama katikati ya wazazi.

"Huyo ni wangu," alisema. "Nilimfukuza nyumbani nikidhani kajitoa mwenyewe. Halafu nikamleta mdogo wake hapa kwako, kwa sababu ya hilo bango."

Hakuna aliyemwambia akae. Wazazi wengine walianza kusimama, mmoja mmoja, wakisogea mbele.

"Elisha Mughwai," alisoma Mazengo.

"Rudia."

"Elisha Mughwai."

"Rudia."

Mazengo alirudia mara ya tatu. Askari waliokuja na Landkruza walipanda jukwaani wakamshika mikono, na ilibidi wamzungushie ukuta wa miili yao kumtoa mbele ya wazazi.

"Umenimaliza," Mazengo alimwambia akipitishwa.

"Bado kuna mahakama," alijibu Yasinta.

Alirudisha Glock kiunoni, akavaa koti, akapita katikati ya viti bila kuharakisha. Watu walimpisha. Nje ya geti aliwasha pikipiki.

"Kipanga," Alphonce aliita. "Kazi safi. Njoo utoe taarifa."

"Kesho, mkuu."

"Unaelekea wapi?"

"Iramba."

Yasinta alifunga kofia, akaingiza gia.