Kilo Sitini

Haya yalimpata rafiki yangu Obedi, injinia wa Kasulu, alipokwenda Kibondo kupima mtikisiko wa daraja jipya la miguu. Asingesaini fomu ya serikali ya kuruhusu wanafunzi wavuke mpaka vipimo vilingane na modeli ya kompyuta.

Ukungu uliutia mchana giza. Vipimo vililingana tu alipoiongezea modeli uzito wa kilo sitini, katikati ya daraja.

“Mzee Fidele, kuna mtu kule?” alimuuliza mlinzi aliyeketi naye benchi moja, mwisho wa daraja.

“Nani apite, injinia? Hata utepe haujakatwa.”

Akapima tena. Kilo sitini zilikuwa zimesogea, hatua tatu kutoka benchi. Mbao zikalia ko, ko, zikanyamaza. Fomu ya serikali haikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Akapima mara ya mwisho. Modeli ililingana bila kuongezwa kitu; daraja lilikuwa tupu. Mzee Fidele akajisogeza kidogo kwenye benchi, kama anayempisha mtu akae.