Ukurasa wa Pili wa Barua Kutoka Tanga

Mwaka 1958, Salme wa Kisauni alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila alipotoka shule alimsomea barua nyanya yake, Bi Barke, mshonaji wa kofia. Bi Barke alitaka kununua nyumba Tanga, katika nchi ya Tanganyika, akae karibu na dada yake mgonjwa.

Jumanne moja ikaja barua ya dalali wa huko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwepesi: nyumba ya vyumba vitatu, bei shilingi elfu tatu, arubuni mia tano. Mnunuzi asipomaliza malipo kwa miezi miwili, arubuni hairudi. Ukurasa wa pili ulijaa maneno ya sheria. Salme hakuyaelewa, akaona haya kusema, maana nyanya yake alimsifu kwa majirani kwamba hakuna barua inayomshinda.

"Na huku wasemaje?"

"Ni salamu tu, nyanya."

Alhamisi Bi Barke alivaa buibui aende posta kupeleka arubuni. Salme alipomwona akizifunga noti kwenye leso, alishindwa kuvumilia.

"Nyanya, usiende! Nilikudanganya. Ukurasa wa pili sikuuelewa."

Bi Barke aliiweka leso chini, akaichukua barua. Kisha akamshika mkono wakaenda kwa jirani yao, Mzee Mwinyihaji, aliyewahi kuwa karani wa kadhi.

"Hizi ni gharama," alisema mzee. "Ushuru wa hati, ada ya kuiandikisha, wakili na dalali. Mia nne na themanini, zote juu ya mnunuzi."

"Wallahi, mimi nina elfu tatu na mia mbili basi!" alisema Bi Barke. "Mia tano zangu zingepotea."

Mzee akatunga jibu, Salme akaliandika: bei ipunguzwe, au muuzaji amlipe dalali. Baada ya wiki tatu muuzaji alikubali elfu mbili na mia saba. Pamoja na gharama zote, fedha zilitosha, na nauli ikabaki.

"Kutojua si aibu, mjukuu wangu," alisema Bi Barke. "Ungesema hujui, tungemtafuta ajuaye siku ile ile. Kuficha ndiko kulikotaka kunitia hasarani. Haya, nisomee hati hii ya mauzo iliyokuja na barua yao, kabla sijatia sahihi."

Salme alisoma polepole. Kwenye mstari wa tatu akasita.

"Nyanya, neno hili silijui."

"Vyema," alisema Bi Barke. "Twende tukaulize."